Koti la Muhuri Mkubwa

Nianze na nisiyoyajua, maana ni mengi. Sijui alizaliwa wapi, sijui ukoo wake, wala sijui alifikaje Kilosa. Jina lake kamili nililipiga chapa mara nyingi mno hata likapoteza ladha, na hapa sitaliandika. Sisi tulimwita Karani. Makarani walikuwa tele mjini, wa stesheni, wa mashamba ya mkonge, wa mahakama, lakini mtu akikwambia "kamuulize Karani" hukuuliza yupi. Ulikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha pembeni cha ofisi yetu, ukabisha hodi, ukangoja, kwa sababu alikuwa haitikii hodi mpaka amalize mstari aliokuwa akiuandika.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake kwa miaka sita. Binti wa fundi wa reli, nimesoma mpaka darasa la nane, nikajifunza mashine Morogoro, nikarudi nyumbani na vidole vyepesi na kichwa kikubwa. Siku ya kwanza alinipa jina: Ndugu Chapa. Zilikuwa siku za Ujamaa, kila mtu alikuwa ndugu, na yeye alilishika neno hilo kwa dhati. Hata mbuzi aliyemfuga nyuma ya ofisi, kinyume cha kanuni, alimwita Ndugu.

Nyuma ya mlango wa chumba chake palikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia koti. Lilikuwa koti la sufu, zito, la rangi ya majivu, lililoachwa na Mzungu wa mwisho kukikalia kiti cha mkubwa wa ofisi yetu. Anayeijua Kilosa anajua joto la bonde lile kabla mvua hazijaanza, jinsi hata kuku wanavyotembea midomo wazi. Karani alilivaa koti hilo katika joto hilohilo, akafunga vifungo vyote vitatu, na jasho likaanza kumtiririka kabla hajafika mezani.

Sababu yake ilikuwa mihuri. Ofisi ilikuwa na mihuri miwili. Mdogo, wa pembe nne, ulikuwa wake mwenyewe, wa kazi za cheo chake: kupokea, kukumbusha, kuomba. Mkubwa, wa mviringo, ulikuwa wa mkubwa wa ofisi, nao ulilala ndani ya mtoto wa meza uliofungwa kwa ufunguo. Jambo likiwa na muhuri mdogo, watu walikuwa wameombwa. Likiwa na muhuri mkubwa, walikuwa wameamriwa. Na wakubwa wa siku zile walisafiri sana, leo Morogoro, kesho Dar es Salaam, kwa hiyo wiki nyingi Karani ndiye aliyekaimu, na muhuri mkubwa ukawa mkononi mwake.

Hapo ndipo alipolivaa koti. Alisimama, akalitwaa msumarini, akalivaa, akafungua mtoto wa meza, akagonga muhuri pale palipohitajika na si penginepo, akaurudisha, akafunga, akalivua koti. Kama dakika tano baadaye palitokea jambo jingine la muhuri mkubwa, alianza upya. Makarani vijana walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mimi pia nilicheka, tena mimi nilimwuliza.

"Nikiwa nimelivaa najua kwamba mimi si mimi," alinijibu. "Nikilivua najua nimerudi."

Nikamwambia basi angetafuta koti jepesi, hata la kitambaa cha pamba, kuliko kujipika. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayeshika mkasi vibaya.

"Jepesi nitalisahau mwilini," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi kuliko nilivyofikiria mambo ya ndoa yangu. Wakati ule nilidhani ni kichekesho tu, nikakipeleka nyumbani nikawasimulia ndugu zangu, tukacheka wote.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Kwenye bao alikuwa mwizi wa kutupwa. Jioni barazani karibu na soko aliiba kete waziwazi, na akikamatwa alicheka na kusema kwamba huku hakuna muhuri, mwenye macho na ajilinde. Nyumbani hakuwa na amri hata moja. Ukimwuzia mkeka alikwambia ngoja amwulize mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mkewe, mwanamke mnene mcheshi aliyemtuma sokoni kwa orodha kama anavyotumwa mtoto. Naye alikwenda na ile orodha, akainunua mstari kwa mstari. Pilipili zikikosekana hakununua ndimu badala yake. Alirudi kuuliza kwanza, na mkewe akamsema hadi majirani wakatoka nje kusikiliza.

Tarishi wetu, mzee wa baiskeli aliyekuwapo ofisini kabla ya viti, alinihadithia habari za siku za uhuru. Yule Mzungu mwenye koti aliondoka, mkubwa mpya akawa hajafika, na kwa siku kumi na moja, kwa karatasi ya ukaimu aliyoachiwa, Karani alikuwa ndiye ofisi nzima. Watu wakamiminika. Mmoja alitaka mpaka wa shamba usogezwe, akaja na mbuzi jike aliyenona. Mwingine alitaka mkwewe afukuzwe wilayani. Wote Karani aliwajibu neno alilolisema maisha yake yote: "Jina langu halifiki huko." Aliandika shida zao kwenye daftari, wamngoje mwenye kiti. Muhuri mkubwa ulitoka mara moja tu. Vijana walitaka kibali cha kupiga ngoma uwanjani siku ya bendera, na kibali hakingeweza kungoja. Akavaa koti, akagonga, akalivua, akafunga mtoto wa meza, kisha akatoka na fulana akaicheza hiyo ngoma mpaka akapoteza kiatu kimoja.

Nilimwuliza tarishi yule mbuzi aliishia wapi. Akasema alirudishwa. Nilipomwuliza Karani kama mbuzi wa nyuma ya ofisi alikuwa mjukuu wa yule, alikohoa akaniambia nirudi kwenye mashine yangu.

Sasa nieleze karatasi ya kazi, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kila Ijumaa ofisi yetu ilipeleka vijijini karatasi moja. Ilikuwa ni orodha, moja, mbili, tatu, mpaka kumi au kumi na tano, ya mambo ya kutendwa wiki inayofuata. Katibu wa kijiji aliipokea, akaanza juu akashuka, mstari kwa mstari, bila kuuliza. Ndivyo ilivyotakiwa, na ndio uliokuwa uzuri wake: mtu aliye mbali alitenda tulichoandika bila sisi kuwapo. Mstari wenye muhuri mdogo katibu aliutekeleza kwa mdomo na subira. Aliwaita mabalozi wa nyumba kumi, wakaenda kuzungumza na watu, na mtu akisema bado, ilikuwa bado. Mstari wenye muhuri mkubwa ulikwenda na mgambo, na hapo hapakuwa na bado.

Ofisi nyingine ziligonga muhuri mkubwa mara moja, chini ya ukurasa, mambo yakaisha. Karani hakukubali. Aligonga kila mstari pembeni yake, mdogo hapa, mdogo hapa, kisha avae koti agonge mkubwa pale kwenye mstari mmoja au miwili iliyoustahili, kisha avue aendelee. Karatasi zetu zilijaa alama kama kanga. Katika mkutano mmoja mgeni kutoka ofisi nyingine aliishika mojawapo juu akaionyesha, watu wakacheka.

"Ukigonga chini umegonga zote," Karani alisema bila kukasirika. "Na humo ndani mna kuhesabu majembe. Mgambo wa nini kwenye majembe?"

Haya yote nayasema kwa sauti ya kumsifu, na anastahili. Lakini nisiwe mwongo: uangalifu wake uliwahi kuwaumiza watu. Mwaka mmoja mbegu za mahindi zilifika stesheni na mkubwa hayupo, na kwa bahati mbaya alikuwa ameondoka bila kumwandikia Karani ukaimu. Bila karatasi ya ukaimu, Karani hakuligusa koti. Magunia yalikaa kwenye jukwaa siku nne, mvua ikayanyeshea, mahindi yakachipua ndani ya gunia, majani ya kijani yakatokeza kwenye matundu. Wakulima walikuja wakayaona. Nilimsihi, nikamwambia ni muhuri mmoja tu, nani atauliza. Alisema jina lake halifiki huko. Mkubwa aliporudi, Karani mwenyewe alikwenda kijijini kwa miguu, akasimama mbele ya watu kofia mkononi, wakamtukana mpaka wakachoka, naye akarudi.

Siku ile nilimchukia. Niliamua moyoni kwamba mimi, nikipata nafasi, sitakuwa mwoga kama yeye. Nadhani kosa langu lilianzia hapo, zaidi ya mwaka mzima kabla sijalitenda.

Kule Tindiga, bondeni kabisa, aliishi mjane mmoja aliyetunza mbegu ya mpunga. Ulikuwa mpunga wa punje ndefu, wenye harufu iliyokufikia kabla ya sahani, na bonde zima lilichukua mbegu kwake, kwa kuwa alijua kuichagua na dari yake ilikuwa kavu. Ulipofika wakati wa watu kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, wengi wa bondeni walihama. Yeye alikuja ofisini kwa miguu na punje chache zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Akamwambia Karani kwamba hakatai kuhama, ila nyumba yake mpya haijakandikwa, haina dari, na mbegu haiwezi kulala chini. Anaomba abaki mpaka mvua zitulie, watu wachukue mbegu, iingie shambani.

Karani alizinusa zile punje kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu mwingine: alitoa mihuri yote miwili, akaigonga kwenye kipande cha karatasi, akamfundisha. Mama hakujua kusoma. Akamwonyesha wa pembe nne, akamwambia nyumba yako itakuwa kwenye huu, na huu ni wa kuombwa. Akamwonyesha wa mviringo, akamwambia huu hautagusa mstari wako, nakuahidi. Mkubwa mwenyewe alikubali nikisikia. Mama akakifunga kile kikaratasi kwenye pindo pamoja na punje zake.

Wiki mbili baadaye shemeji yake Karani alifariki huko Vidunda, mlimani. Ilimlazimu aende kuzika. Mkubwa alikuwa Morogoro, na safari hii alikuwa ameacha ukaimu kwa maandishi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Karatasi ya kazi nilikuwa nimeshaipiga chapa, mistari kumi na miwili, na tarishi alikuwa hajafika. Karani alisimama mbele ya mashine yangu akiwa na mfuko wake wa safari, akanipa ufunguo.

"Wa pili ndio mkubwa peke yake," akasema. Mstari wa pili ulikuwa wa lori la kubeba mbao za shule. "Mingine yote mdogo. Na koti, Ndugu Chapa. Hata kama hakuna anayekuona."

Nikasema ndiyo. Akaondoka na gari la saa nne.

Tarishi alifika saa sita, akabaki juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akitazama mawingu upande wa milima. Alitaka kuwahi kabla ya mvua. Nikachukua muhuri mdogo, nikakuta wino wa kidau chake umekauka. Chupa ya wino ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mtu aliyekwenda kula. Nikafungua mtoto wa meza. Muhuri mkubwa ulikuwa na kidau chake, chenye wino tele. Nikalitazama lile koti msumarini, nikaona aibu kulivaa mbele ya tarishi. Nikajiambia kwamba mkubwa ni mkubwa, na mdogo pia umo ndani yake. Nikagonga mara moja, chini ya karatasi, katikati, vizuri sana.

Niseme ukweli uliobaki. Nilifurahi. Ule muhuri una uzito mkononi, na unapouinua unaacha duara safi, na kwa kitambo kidogo nilijisikia kwamba mimi ndiye ofisi. Tarishi aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Akaikunja akaondoka.

Mstari wa nne ulisema nyumba zilizobaki bondeni ziezuliwe na nguzo zake zipelekwe kijiji kipya.

Katibu wa kijiji alianza juu akashuka, kama alivyotakiwa. Jumatatu asubuhi mgambo waliteremka bondeni. Nyumba zilikuwa nne, tatu hazikuwa na watu. Kwa mjane walikuta mkeka umeanikwa nje. Aliwaomba wamwonyeshe karatasi. Alitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, ule muhuri wa pembe nne, asiuone popote. Akatoa kikaratasi chake kwenye pindo la kanga, akakiweka karibu na lile duara la chini, akavilinganisha. Kisha, walivyosimulia wao wenyewe, alisogea kando akawaachia njia. Kufika adhuhuri nyasi za paa zilikuwa chini. Mvua ilianza alasiri, ikanyesha siku nne mfululizo, na mbegu ya bonde zima ilichipua juu ya dari isiyo na paa.

Mwaka ule watu wa bondeni walipanda mbegu ya kuletewa, fupi, isiyo na harufu. Mjane hakuhamia kijiji kipya. Alipanda mlimani Vidunda kwa binti yake, huko kwenye mashamba ya miteremko, ambako mpunga wake wa bondeni usingekuwa na kazi.

Mkubwa na Karani walirudi siku moja. Tuliitwa wote chumbani. Mkubwa aliweka nakala ya karatasi mezani, akauliza ni nani aliyegonga hapa. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua. Tarishi alikuwa akinitazama. Karani alikuwa bado na vumbi la safari kwenye viatu.

"Ufunguo ni wangu," Karani akasema.

Mkubwa akamwuliza kama hilo ndilo jibu lake. Akasema ndilo. Nami nikaufunga mdomo wangu, na ulibaki umefungwa miaka saba.

Waliomtoa kazini walimtoa kwa heshima, barua niliipiga chapa mimi. Alimchukua mbuzi wake, akaacha koti. Mkewe alikuwa na ndugu Mikumi, wakahamia huko. Na kiti chake, Mungu anisamehe, nilikikalia mimi, maana sasa palihitajika mtu anayeujua utaratibu wake. Mwaka wa kwanza niligonga mstari kwa mstari, nikavaa lile koti lenye harufu ya jasho lake, nikilia ndani kwa ndani. Mwaka wa pili kazi zikazidi. Nikaanza kugonga chini, kama ofisi nyingine zote. Koti nililitoa msumarini nikaliweka kabatini, likaliwa na nondo.

Salamu zake zilinifikia mara tatu. Mara ya kwanza zililetwa na dereva wa lori: Karani anakusalimu, anasema ukipata nafasi pita Mikumi, ana neno lako. Nikasema nitapita. Mara ya pili alizileta tarishi mwenyewe, aliyekuwa amekwenda kumtembelea, na aliponiambia alitazama chini. Mara ya tatu zilikuja na mama muuza vitunguu. Kila mara nilikuwa na kazi. Kutoka Kilosa hadi Mikumi si safari ya kumshinda mtu mwenye miguu, lakini nilidhani nalijua hilo neno. Nilidhani anataka kunisuta, na nilijua nastahili, na mtu anayejua anastahili ndiye anayekimbia zaidi.

Nilifika bila kukusudia. Nilikuwa nakwenda Iringa kwenye semina, basi likaharibika Mikumi, dereva akatuambia spea itatoka Morogoro, huenda kesho. Ilikuwa mchana, malori yamejipanga kando ya barabara kuu, wanawake wanauza ndizi za kuchoma. Nikaingia gesti ya kwanza niliyoiona. Mezani pale mlangoni, mbele ya daftari la wageni lililopigiwa mistari kwa rula, alikaa mzee akiandika. Nikabisha hodi. Hakuitika mpaka alipomaliza mstari.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akasema. Akanitazama kidogo. "Karibu, Ndugu Chapa."

Aliagiza chai. Alikuwa amekonda, shingo imerefuka, kaptula imepigwa pasi. Mkewe alikuwa amefariki, akaniambia, na tangu hapo anakula ovyo kwa kuwa hakuna wa kumpa orodha. Nilimpa pole. Kisha nikashindwa kunywa chai, nikayasema yote, wino uliokauka, aibu ya koti, hata ile furaha. Nililia pale mlangoni wageni wakipita.

Hakushangaa. Aliniambia alijua tangu siku ile alipoiona nakala, maana yeye hajawahi kugonga chini ya karatasi maishani mwake. Tarishi alijua. Mkubwa pia alijua, ila alihitaji jina moja, na lililotajwa lilimtosha. Nikamwuliza kwa nini basi alilibeba. Alisema yeye ndiye aliyetoa ahadi, na ndiye aliyetoa ufunguo kwa sababu alitaka kuwahi maziko. Angeweza kuichukua karatasi akaigonga yeye kabla ya kuondoka, tarishi angeikuta tayari. Hayo yalikuwa yake, akayabeba.

"Nisamehe, mzee," nikasema.

"Kazi yangu nilikusamehe zamani. Hiyo ni yangu, naweza kuitoa." Akalisogeza daftari likae sawa na ukingo wa meza. "Nyumba haikuwa yangu. Hapo jina langu halifiki."

Nikamwuliza mjane yuko wapi, nimfuate. Akasema alikuwa akipanda Vidunda kila mwaka kumsalimu. Mwaka wa kwanza mama alimsamehe kwa sehemu yake. Kisha akamwambia kwamba hiyo ya aliyegonga haitoi kwa mkono wa mtu mwingine, amwambie huyo aje mwenyewe, atamsamehe, hana kinyongo, anataka tu kumwona uso.

"Ndilo neno nililokuwa nalo," Karani akasema. "Nilikuita mara tatu. Kukutumia neno lenyewe kwa midomo ya watu isingekuwa haki, ningekuwa nimekutangaza."

"Na sasa?"

"Alifariki masika yaliyopita."

Sikumbuki nilikaa pale muda gani. Nakumbuka chai ilishika utando juu. Miaka saba nilikuwa nikikimbia msamaha, nikidhani nakimbia lawama, na aliyekuwa nao amekufa akiwa ameuweka tayari. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye kuweza kunipa. Karani hakunifariji kwa maneno ya uongo, na namshukuru kwa hilo, ingawa siku ile nilitamani angedanganya hata kidogo.

Baadaye alilisogeza daftari kwangu, kwa kuwa mgeni ni lazima aandikwe. Jina. Anatoka. Anakwenda. Niliandika jina langu, nikaandika Kilosa, nikaandika Iringa. Nikaitazama ile Iringa. Nikamwuliza kama yule binti wa mjane bado anaishi kulekule mlimani. Akasema yupo, kaburi liko nyuma ya nyumba yake, gari la Kidodi huondoka asubuhi, kisha ni kupanda kwa miguu.

Nikainama niifute Iringa kwa kuisugua na kalamu. Akaushika mkono wangu.

"Usilichafue," akasema. "Kata kwa mstari mmoja, lisomeke. Andika jipya juu yake. Halafu weka sahihi yako pembeni, ijulikane aliyebadilisha ni nani."

Nikakata Iringa kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika Vidunda. Halafu pembeni, polepole, mbele ya macho yake, nikaweka sahihi yangu.